Wavu wa Mafundo Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

Nimeishi katika miji mingi mno, hata mtu akiniuliza kwetu ni wapi hunibidi nifikiri kwanza. Nimepanga chumba Ndola, nimepanga Mbeya, nimekaa Kigoma muda wa kutosha kuzoea Kiswahili chao na kukisahau kidogo cha kwetu. Katika safari zote hizo nimebeba kitu kimoja ambacho hakuna mwizi wa stendi aliyeweza kuniibia, nacho ni nambari. Lori likiharibika porini na utingo akiingia chini ya chasisi na spana, wenzangu hutoa karata. Mimi huitoa nambari yangu na kuanza kuigawanya.

Ni elfu mbili mia tano na ishirini. Igawe kwa mbili, inakatika. Igawe kwa tatu, kwa nne, kwa tano, kwa sita, inakatika bila kubakiza kitu. Saba, ambayo huwasumbua watoto wote wa shule kwa kubakiza masazo ya ajabu ajabu, hapa inaingia kwa upole na kutoka na mia tatu na sitini. Nane, tisa, kumi, hali ni hiyo hiyo. Ukianza kuhesabu toka moja kwenda juu, hutakutana na nambari nyingine inayozikubali zote, moja hadi kumi, mpaka uifikie hii. Chukua siku za juma, uzizidishe kwa siku thelathini za mwezi, kisha kwa miezi ya mwaka, utaikuta imekungoja hapo. Chukua tatu, nne, tano, sita na saba, uzizidishe kwa kufuatana, utaikuta tena. Siku moja, njiani kwenda Mpika, nilizitafuta nambari zote zinazoigawa sawasawa, nikapata arobaini na nane. Nilifurahi kama mtu aliyegundua kwamba jirani yake mpole ana ndugu kila kijiji.

Sikuipata kitabuni. Niliipata Nchelenge, kwenye mchanga wa Ziwa Mweru, katika miaka ya hamsini, wakati nyuzi za nailoni zilipoanza kufika na wazee wakawa wanazitafuna kwanza kabla ya kuamini kwamba hazitaoza. Tuliitafuta kwa sababu dada yangu alikuwa karibu kunyimwa fungu lake la wavu.

Kwetu tulizaliwa watoto saba, wanaume sita na mwanamke mmoja. Baba yetu alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ndiyo maana nyumbani tulichanganya Kibemba na kile Kiswahili cha wanunuzi wa samaki wa Kasenga. Mtu alianza sentensi kwa lugha moja na kuimaliza kwa nyingine, na hakuna aliyeona ajabu. Lakini mali ya nyumbani kwetu haikutoka kwa baba. Katika pwani ile mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake, na sisi tulikuwa watoto wa dada wa mvuvi mmoja tuliyemwita Yama, yaani mjomba. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kelele, asiyependa kungoja chakula wala mazungumzo. Mgongo ulipomkatalia kuvuta wavu aliamua kuhamia kwenye shamba lake la mihogo na kutugawia mali yake angali hai, aone mwenyewe kwa macho yake tutakavyogombana.

Mali yenyewe ilikuwa mabunda ya uzi mpya wa nailoni aliyoyanunua kidogo kidogo. Tulitakiwa tufume wavu mmoja mrefu, kisha tuukate vipande sawa, kila mtu na chake. Na hapo palikuwa na sharti moja la ukoo. Wavu ukikatwa, kusibaki hata jicho moja, yaani tundu moja la wavu, lisilo na mwenyewe. Likibaki, wavu haukatwi. Unakaa mzima mikononi mwa mtoto wa kwanza, na wengine wote wanakuwa vibarua wake ziwani. Sharti hilo Yama alilipokea kwa mjomba wake, ambaye aliwahi kuona ndugu wawili wa kijiji cha Mununga wakiacha kusemezana kwa ajili ya kipande cha wavu kisichotosha hata kufunika kapu.

Kaka yetu mkubwa ndiye aliyesimamia kazi. Sitaki mtu amfikirie vibaya. Alikuwa mvuvi hodari, mkarimu, mcheshi akishiba. Yeye alisema tu kwamba mstari wa juu wa wavu utakuwa wa mafundo elfu mbili mia nne, kwa sababu nyavu za ufuko wetu zilikuwa hivyo tangu zamani. Kisha akatuonyesha kwa vijiti juu ya mchanga kwamba elfu mbili mia nne kwa watu sita ni mia nne kwa kila mtu, safi kabisa. Kwa watu saba kila mmoja anapata mia tatu arobaini na mbili, na yanabaki sita.

Ndugu zangu wanne wa katikati walivitazama vile vijiti sita vya masazo kama watu wanaotazama nyoka. Kama tukiwa saba, wavu wote ni wa kaka mkubwa. Kama tukiwa sita, kila mtu ni bwana wa kipande chake. Wa kutolewa ni nani? Bila shaka yule asiyepanda mtumbwi. Dada yetu alikuwa amefiwa na mumewe, amerudi kwa mama na watoto watatu wadogo, na tegemeo lake lilikuwa kukausha samaki wa watu wengine kwa malipo ya samaki. Angekuwa na kipande chake cha wavu angeweza kukiingiza katika kikosi chochote cha wavuvi na kupata sehemu ya kile kilichonaswa, kila siku, bila kumpigia mtu magoti. Bila kipande angekausha samaki wa watu mpaka azeeke. Kila mmoja wetu alilijua hilo, na hakuna aliyemchukia. Ila vijiti vile sita vilikuwa pale mchangani.

“Mi sina mambo na dada,” kaka mkubwa alisema. “Ni hesabu njo inakatala.”

“Hesabu gani?” dada aliuliza. “Nani aliizaa?”

Walicheka, yeye hakucheka. Jioni ile alinikuta nikipaka lami mtumbwi uliopinduliwa ufukoni. Mimi nilikuwa mtoto wa mwisho, nimerudi karibuni kutoka shule ya bweni nilikosoma mpaka ada ilipokwisha, na tayari miguu ilikuwa inaniwasha kuondoka tena. Aliniuliza kama ni kweli wavu lazima uwe wa elfu mbili mia nne. Nilimwambia sijui, labda tumuulize Yama. Akasema ameshamuuliza. Yama alikuwa anakula, akamjibu kwa mdomo uliojaa ugali kwamba hajawahi kutaja nambari yoyote, tufume tunavyotaka mradi uzi utoshe, lakini hesabu isemwe mbele ya fundo la kwanza. Baada ya hapo hataki kusikia maneno mapya.

“Basi, we mutu ya masomo,” dada akaniambia, “nitafutie hesabu yenye kukubali saba. Na ikubali sita pia, juu bandugu bako basiogope. Na isikuwe kidogo kuliko ile ya yaya.”

Yaya kwetu ni ndugu yeyote aliyekutangulia kuzaliwa, na hapo alimaanisha kaka mkubwa.

Niliokota kipande cha mkaa nikaandika juu ya tumbo la mtumbwi, mahali ambapo lami haijafika. Nilitaka kwanza nambari ndogo inayokubali kila kitu hadi saba. Sitini inakubali mbili, tatu, nne, tano na sita, hilo nililikumbuka kwa sababu ya dakika za saa. Sitini mara saba ni mia nne na ishirini. Nikaijaribu kwa zote, ikapita. Lakini mia nne na ishirini ni wavu wa kuchezea watoto, kwa hiyo ikabidi niizidishe. Mara tano ni elfu mbili mia moja, pungufu ya ile ya kaka. Mara sita ni elfu mbili mia tano na ishirini. Dada alikwenda kuyapima mabunda kwa mikono yake, bunda moja moja, akarudi akasema uzi utatosha na utabaki wa kushonea viraka.

Ningeweza kuacha hapo. Haja yetu ilikuwa saba tu. Lakini mkaa ulikuwa bado mkononi, nikaigawa kwa nane, nikijua haitakatika kwa sababu ile mia nne na ishirini ilikuwa imekataa nane. Ikatoka mia tatu na kumi na tano. Nikaigawa kwa tisa, ambayo nayo ilikuwa imekataliwa, ikatoka mia mbili na themanini. Sikuomba nane wala tisa, zilikuja zenyewe pamoja na ile mara sita. Niliendelea kwa kumi, kwa kumi na mbili, kwa kumi na nne, kwa kumi na tano, mpaka ubavu mzima wa mtumbwi ukawa mweusi. Kumi na moja ndiyo ya kwanza iliyonikatalia, ikabakiza moja. Dada alinitazama nikicheka peke yangu akaniuliza kama lami imenipanda kichwani. Nilimwambia kwamba nambari hii ingewatosha hata watoto wa nyumba yenye watu kumi. Akasema yeye anataka mmoja tu atoshwe.

Kesho yake nilipoitangaza mbele ya Yama, ndugu zangu waliipokea kwa kejeli.

“Elfu mbili mia tano makumi mbili?” mmoja wao alisema. “Iko hesabu ao iko adresi ya mutu?”

Nikawaonyesha kwa vijiti. Kaka mkubwa alivifuata kwa kidole, saba mara mia tatu na sitini, akarudia, akainua mabega. Wavu mkubwa zaidi haukumuudhi. Yama akasema imesemwa, imesikiwa, tuanze.

Tulifuma kwa zamu, wakati samaki waitwao mpumbu walipokuwa wanapanda mtoni kutaga na nyavu nyingi zimeanikwa. Sindano yetu ilikuwa ya mti mgumu, kibao cha kupimia jicho kilichongwa kwa ubavu wa mtumbwi wa zamani. Dada alikuwa amejifunza kufuma kwa marehemu mumewe na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wengi wetu. Yeye ndiye aliyetunza hesabu ya mstari wa juu. Kila alipofikisha fundo la sitini alifunga kitambaa kidogo alichochana kwenye kitenge kilichochakaa, na tulipomaliza vitambaa vilikuwa arobaini na viwili. Tuliupitia mstari ule sote, mmoja baada ya mwingine, na kila mtu alipata elfu mbili mia tano na ishirini.

Siku ya kukata, wavu ulinyooshwa ufukoni toka kwenye mitumbwi hadi karibu na vichanja vya kukaushia. Waendesha baiskeli waliokuwa wamefunga samaki tayari kupeleka bara waliegesha baiskeli zao wakabaki kutazama. Yama aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu mapajani. Kabla hajaanza, kaka mkubwa aliomba auhesabu wavu mara ya mwisho, kwa macho.

Hapo lazima nieleze namna ya kuhesabu ya watu wetu. Mfumaji huhesabu mafundo, kwa sababu fundo ndilo linalopita katika vidole vyake. Mvuvi huhesabu macho, kwa sababu samaki anaingia katika jicho, haingii katika fundo. Sisi wakati wa kufuma tulikuwa wafumaji, na siku ile kaka alikuwa mvuvi anayetaka kujua mali. Alitembea na ufuko mzima akiingiza kidole katika kila jicho la mstari wa juu, midomo ikimchezacheza. Alipofika mwisho alisimama kidogo. Akarudi akihesabu tena kutoka upande ule. Kisha akaja mbele ya Yama.

“Macho elfu mbili mia tano kumi na tisa,” alisema. “Moja inakosa.”

Hakuna aliyemwamini, kwa hiyo wawili kati ya ndugu wa katikati walikwenda kuhesabu pia, nao wakarudi na jibu lile lile. Nilihesabu mafundo, yalikuwa kamili. Nilihesabu macho, yalikuwa pungufu kwa moja. Nikapiga magoti mchangani na kuigawa ile elfu mbili mia tano na kumi na tisa kwa saba. Ilibakiza sita. Nikaigawa kwa sita, nikidhani angalau wale ndugu watapona. Ilibakiza tano. Kwa tano ikabakiza nne. Kwa nne, tatu. Kwa tatu, mbili. Kwa mbili, moja. Nane ilibakiza saba, tisa ikabakiza nane, kumi ikabakiza tisa.

Hali yetu ilikuwa mbaya, na bado nilikuwa naona kitu kizuri kuliko chochote nilichowahi kufundishwa. Nambari moja ilikuwa imefungua kila mlango, na jirani yake, aliyepungukiwa na moja tu, alikuwa ameifunga milango ile ile yote, kila mmoja kwa namna ile ile, kwa kubakiza kiasi kikubwa kuliko chote kinachoweza kubaki. Nikaijaribu kumi na moja, ile iliyonikatalia juu ya mtumbwi. Ikakatika. Mia mbili ishirini na tisa kwa kila mmoja, bila masazo.

Nilisema kwa sauti kwamba macho haya yangegawanyika tu kama tungekuwa kumi na mmoja. Ndugu mmoja akamgeukia mama, aliyekuwa akigeuza samaki juu ya kichanja, akamuuliza kama anasikia.

“Nende nizae bengine bane?” mama alijibu bila kuinua uso. “Duka ilishafungwa zamani.”

Waendesha baiskeli waliangua kicheko, lakini ndugu zangu hawakucheka. Walikuwa wamekwisha kuona kwamba sasa hata wakimtoa dada hawatapata kitu. Watu sita wanabakiza macho matano, na wavu wote unakwenda kwa mkubwa. Waligeuka wakaanza kutusema, dada na mimi, kwamba tumewapotosha kwa hesabu za shule, kwamba ile elfu mbili mia nne ya wazee ilikuwa na ubaya gani. Kaka mkubwa hakutusema. Alikuwa amesimama na mikono nyuma, akijaribu kuficha uso wa mtu aliyepewa zawadi asiyoiomba.

Dada alikuwa amechutama mwanzoni mwa wavu na kuvitazama vitambaa vyake. Alihesabu vitambaa sita kwa kidole, akashika fundo lile lenye kitambaa cha sita kwa mkono wa kushoto, na fundo linalofuata kwa mkono wa kulia. Katikati ya mikono yake palikuwa na jicho moja. Kisha akamwita Yama.

“Yama, kisu itapita wapi hapa?”

Yama alinyanyuka kwenye ndoo yake kwa shida, akainama, akaonyesha kwa ncha ya kisu. Kisu hakiwezi kupita juu ya fundo, kwa sababu fundo likikatwa nyuzi zinafunguka na ukingo wote unaachana. Hupita katikati ya jicho.

“Na ile jicho itakuwa ya nani?”

“Itakufa,” Yama alisema. “Itakuwa ya nani tena?”

Dada akasogea hadi kwenye kitambaa cha kumi na mbili, akashika tena jicho lililo baada yake. “Na hii?”

“Nayo.”

Nilielewa kabla hajafika kwenye cha kumi na nane, nikaanza kuandika mchangani kwa kidole. Vipande saba hukatwa kwa mikato sita. Kila mkato unakula jicho moja. Yale macho sita yaliyokuwa yanabaki, yale yaliyokuwa yanampa kaka yetu wavu mzima, ndiyo yale sita ambayo kisu kingeyala. Mafundo mia tatu na sitini kwa kila mtu, na kati yake macho mia tatu hamsini na tisa. Hakuna jicho lililopotea wakati wa kufuma. Kamba yenye mafundo kumi ina nafasi tisa, na wavu ule mrefu haukuwa na desturi tofauti na kamba.

Kisha nikaona kwamba isingekuwa saba peke yake. Tungekuwa watatu, tungekata mara mbili, na masazo yangekuwa mawili. Tungekuwa tisa, mikato minane na masazo manane. Yule jirani niliyedhani amefunga milango yote alikuwa amebakiza, kwa kila hesabu ya warithi hadi kumi, kiasi kile kile ambacho kisu kingehitaji, wala jicho moja zaidi. Nambari hizi mbili zilikuwa zikifanya kazi pamoja, moja kwenye mafundo na nyingine kwenye macho, na zisingeweza kugombana hata zingetaka.

Nilijaribu kulieleza hilo na nikaeleza vibaya, kwa kuwa nilikuwa nasema haraka. Dada alieleza kwa maneno machache.

“Tugabe mafundo,” alisema. “Macho itajigaba yenyewe.”

Kaka mkubwa alipinga, kama alivyokuwa na haki ya kupinga. Aliuliza macho sita yanakwenda wapi, maana sharti linasema kusibaki jicho lisilo na mwenyewe, na haya hayana mwenyewe. Ufuko wote ukamgeukia Yama. Mzee alijikuna shingo kwa mpini wa kisu. Alisema sharti linasema kusibaki, na jicho lililokatwa halibaki. Akafikiri kidogo, akaongeza:

“Kisu nayo inatumika kazi. Tuache ikule.”

Hapo kaka akabadili maneno, na nadhani kwa nia njema. Alisema basi, kama imejulikana kwamba wavu unagawanyika, hakuna haja ya kuuharibu. Tuuache mzima, tuvue pamoja, kila mtu akijua moyoni kwamba ana mafundo yake mia tatu na sitini. Ndugu wa katikati walianza kutikisa vichwa kukubali, maana wavu mzima ulikuwa mzuri kweli, umenyooka mweupe mchangani, na hakuna anayependa kukata kazi ya mikono yake. Hata mimi niliupenda mzima.

Dada alisimama akakung'uta mchanga magotini.

“Yaya, weye ukijua ku moyo, batoto bangu batakula nini?” alimwuliza. “Yama, kata.”

Yama akakata. Kila mkato ulitoa sauti ndogo ya kukwaruza, uzi mmoja mmoja, toka mstari wa juu hadi wa chini. Kaka mkubwa alifuata nyuma akihesabu macho ya kila kipande, na hakuruka hata kimoja. Mia tatu hamsini na tisa. Mia tatu hamsini na tisa. Alipofika kipande cha nne alianza kuitamka nambari kabla ya kumaliza kuhesabu, kisha akamaliza kuhesabu na kukuta ni kweli. Kwenye cha sita alitikisa kichwa na kutabasamu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli ingekuwa hivyo hata tungekuwa watu wanane. Nilimwambia hata kumi. Akapiga mluzi.

Kipande cha saba Yama alimkabidhi dada mkononi. Alikikunja taratibu, mkono kwa kiwiko, akakiweka begani na kuondoka bila kuaga mtu.

Tangu siku ile nimeikuza nambari ile kwa kadiri ya safari zangu. Nikitaka ikubali hadi kumi na mbili huizidisha kwa kumi na moja, yule mkaidi, ikawa elfu ishirini na saba mia saba na ishirini. Nikitaka hadi kumi na tano huizidisha tena kwa kumi na tatu, na ile kumi na nne na kumi na tano zinaingia bure, kama zilivyoingia nane na tisa juu ya ule mtumbwi. Inakuwa laki tatu sitini elfu mia tatu na sitini, nambari inayojirudia yenyewe kama wimbo. Na kila moja ina jirani yake wa chini, aliyepungukiwa na moja, anayebakiza kwa kila hesabu ya watu kiasi cha kisu. Nimewaonyesha makuli wa reli, nimewaonyesha mafundi viatu, na mwalimu mmoja wa Kigoma aliyeniandalia chai kwa ajili hiyo. Sijaona aliyeitazama mpaka mwisho asiniombe niirudie.

Dada alihamia Kabuta na watoto wake, akakiingiza kipande chake katika kikosi cha wavuvi wa huko, watu wasiotujua vizuri, na tangu mapambazuko ya kwanza alipata sehemu yake ya samaki wanono wa jamii ya perege, waitwao pale, akawakausha kwa ajili yake mwenyewe. Mimi nilikuwa naondoka kwenda Elisabethville. Nilimpelekea kipande changu aunge na chake. Tulikaa mlangoni kwake tukiviunganisha kwa uzi uliobaki, mafundo mia tatu na sitini na mengine mia tatu na sitini, na kila tulipopitisha uzi katikati ya kingo mbili, jicho jipya lilizaliwa kwenye mshono. Alinihesabia mstari wa juu kwa sauti. Macho mia saba na kumi na tisa.

Tulikuwa hatujamaliza kaka mkubwa alipotokea kwenye njia ya ufukoni, akisukuma baiskeli, kipande chake kimefungwa kwenye keria. Kwa muda wote uliopita tangu kukata, yeye na dada walikuwa wakisalimiana tu. Aliegesha, akaketi juu ya kinu kilicholala, akaulizia watoto, akaulizia upepo wa Kabuta. Alisema wavu wa mafundo mia tatu na sitini ni mfupi, samaki wanauzunguka wakicheka. Alisema pia kwamba kikosi cha Kabuta anakisikia kinasifiwa. Dada aliendelea kuunga. Mwishowe kaka akauliza kama pale kwenye ukingo wake kuna nafasi ya kipande kimoja zaidi.

“Iko,” dada alisema. “Uzi ya kuungia, uko nayo?”

Hakuwa nao.

“Basi wende ulete.”

Aliinuka, akafungua kipande chake kwenye keria na kukilaza miguuni pa dada, akapanda baiskeli tupu kurudi Nchelenge.